Walitaka Kunipa Kifuta Machozi

Lori lilitugonga kwa nyuma kwenye makutano ya Tandika. Nilikuwa ndani ya bajaji na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunatoka kununua vitambaa vya sare ya harusi. Bajaji ililala ubavu ikaburutwa. Dereva wetu alirushwa nje akapata michubuko. Wifi alivunjika mguu, akazimia hapohapo. Mimi sikukwaruzika popote. Nilibanwa chini ya vyuma, uso wangu ukitazamana na tairi la lori. Nikasikia breki za upepo zikiachiwa, fsss, na tairi likaanza kusogea. Yule dereva alitaka kuondoka. Watu waliligonga lori kwa mawe mpaka akazima injini. Wengine walikuwa wananipiga picha. Mmoja alichuchumaa kabisa ili anipate vizuri.

"Mshukuru Mungu, umetoka mzima." Nililisikia neno hilo hospitalini, sokoni, kanisani, mpaka nikalichukia. Mzima gani? Saluni yangu ilikuwa pembeni mwa barabara ya malori. Kila lori lilipopumua, nilijikuta nimekaa chini, mikono kichwani. Siku moja nilimuunguza mteja sikio kwa pasi ya nywele. Hakurudi tena, na wenzake nao wakaanza kupita kama hawanioni. Nikafunga saluni.

Kampuni ya bima ya lori lile ilimlipa wifi. Mguu wake ulikuwa na picha ya eksirei. Unaiweka dirishani, hata mtoto anaona mfupa umekatika. Mimi afisa wao alinitazama juu mpaka chini, akaniambia nisimame, nitembee, nigeuke. Nikafanya yote hayo kama mtu anayepimwa gauni.

"Mama, wewe hukuumia," akasema. "Hofu kila mtu anayo."

Wifi aliposikia, alikasirika kuliko mimi. Alichukua magongo yake akanipeleka kwa mwanasheria mmoja anayesaidia watu wasio na uwezo. Mwanasheria alinisikiliza bila kunikatisha, kisha akasema kwamba ugonjwa wangu una jina, na fidia yake ipo kisheria, ila lazima daktari wa akili anipime na aandike.

Mume wangu akakataa.

"Daktari wa akili? Unataka mtaa mzima useme nina mke kichaa?"

"Niite kichaa wewe kwanza, mtaa utafuata," nikamwambia, nikaenda peke yangu. Daktari aliniuliza nalalaje, naota nini, nikisikia breki mwili unafanya nini. Tangu ajali ile, hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Nililia kwa hasira, maana kumbe swali lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Tuliitwa ofisini kwa watu wa bima, mjini. Afisa yuleyule alisoma barua ya daktari akitabasamu.

"Kama magari yanakutisha, hapa umefikaje?"

"Kwa miguu. Kutoka Temeke."

Akatazama viatu vyangu, akaacha kutabasamu. Halafu akasukuma karatasi mezani. Walikuwa tayari kunipa kifuta machozi, kwa ubinadamu tu, nikitia sahihi kwamba sikudhurika na sitadai tena.

Kifuta machozi hupewa mfiwa, tena na jirani mwema. Hawa hawakuwa majirani zangu. Lori lenye bima yao lilikaribia kunipanda kichwani, na sasa walitaka niandike kwa mkono wangu kwamba halikunifanya kitu. Niliirudisha karatasi.

"Mie nataka fidia. Machozi yangu nitayafuta mwenyewe."

Tukaenda mahakamani. Kesi iliahirishwa mpaka nikazoea mabenchi ya pale. Wakili wao alimuuliza wifi inakuwaje yeye aliyevunjika mguu amepona na anafanya biashara, na mimi niliyetoka salama nadai kuumwa.

"Mie nilizimia," wifi akajibu. "Nilizinduka hospitali. Lile tairi sikuliona. Huyu alikuwa macho muda wote."

Wakili akakaa.

Hakimu alinipa fidia, pungufu ya tuliyoomba. Nimeitumia kwa matibabu, na kwa chumba kipya cha saluni ndani kabisa ya mtaa, mahali ambapo lori haliwezi kupita. Bado nashtuka, ila siku hizi hutokea nasimama nikitetemeka bila kuanguka. Hasira haijanitoka. Namkumbuka yule aliyechuchumaa na simu yake, namkumbuka afisa akiniambia nigeuke.

Pesa zilipoingia, mume wangu alisema, "Basi, sasa yameisha."

"Hayajaisha," nikamjibu. "Alhamisi nina kliniki. Kama unataka kujua, twende."

Alikwenda. Alikaa nje kwenye benchi, kofia kaishusha machoni asitambulike. Daktari alipomwita aingie, aliuliza swali moja tu, kama nitapona. Tangu hapo hunisindikiza kwa miguu, yeye upande wa barabara, mimi upande wa ndani. Lile neno kichaa sijamsamehe, naye anajua.