Herufi Zenye Mikia

Bulandina ni mchapaji wa Bwera, na chumba chake kiko kando ya barabara ya kwenda mpakani. Anaipenda kazi yake, na zamani alipenda zaidi kuipamba. Ukimletea kadi ya harusi, alikupa herufi zenye mikia, zinazotambaa kama majani ya maboga.

Alhamisi moja alikuja Kahambu, mama wa Butembo, ng'ambo kule Kongo, anayeuza vitenge katika soko la Bwera na kuongoza kwaya ya parokia. Alileta nyimbo za harusi ya binti yake, Sophie. Bulandina akachagua fonti yenye madoido kuliko zote. Kazi ikasuasua. Kila mstari ilimbidi asimame, asogeze uso kwenye skrini, ahakikishe kama amechapa a au o. Alipomaliza macho yalimchoma, lakini karatasi zilipendeza.

Kesho yake Kahambu alirudi akicheka hadi machozi.

"Dada, mazoezi ilikuwa vita! Benye beko mbele banaimba nyumba ijae raha, ba nyuma banaimba nyumba ijae roho. Sophie anauliza, mama, munanipeleka kwa mashetani?"

Bulandina alitaka kununa, kicheko kikamzidi. "Lakini si inapendeza, mama?"

"Ya kuangalia, iko muzuri sana. Ya kusoma, hapana."

Bulandina akabadilisha fonti: herufi zilizosimama wima, kubwa kidogo, mistari ikapumua. Hapo aibu ikamshika, maana mahali pawili yeye mwenyewe alikuwa amechapa roho. Akasahihisha. Kahambu akaishika karatasi mbali na uso, akaimba ubeti mzima bila kukwama.

"Basi niongezee na hii," akasema, akamsomea wimbo mwingine.

Bulandina akachapa. Kahambu alikuwa hajamaliza soda aliyokuja nayo, wimbo ukawa tayari. Bulandina akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vilevile vya jana. Kumbe macho ndiyo yaliyokuwa yakivichelewesha.

Jumamosi kanisani, kwenye harusi ya Sophie, kwaya iliimba kwa sauti moja, hata kina mama wa miwani. Bulandina, aliyekaa nyuma na karatasi yake, alijisahau akaimba kwa nguvu mpaka watu wakageuka. Kahambu akamfuata palepale, akamshika mkono.

"Sauti hii ulikuwa unaificha wapi? Kuya huku mbele!"

Akaenda, gauni la maua na viatu vya kubana, akasimama katikati ya kwaya akitabasamu.