Epinari ya Papa

Mvua ikinyesha Goma haitoi harufu ya udongo. Inatoa harufu ya sufuria iliyoungua kisha ikamwagiwa maji, kwa sababu chini yetu ni mawe meusi ya volkeno, mawe matupu. Ndiyo maana hadi leo nikipita barabarani nikakuta mtu ameshusha gunia la udongo kutoka Kibumba, ule mweusi wenye harufu ya kitu kinachoweza kuliwa, miguu yangu inasimama yenyewe. Watu hudhani nataka kununua. Hapana, nakumbuka tu mwaka ule ambao Papa alikuwa mkulima, na mimi nikaponea chupuchupu kupelekwa kijijini.

Nilikuwa na miaka minane. Papa alikuwa karani katika buro moja ya mjini, mtu wa kalamu na shati jeupe, ambaye alipiga viatu brashi kila asubuhi ingawa vumbi la Goma lilikuwa likimngoja mlangoni. Yeye na Mama walitoka upande wa Bukavu, ambako udongo ni mwekundu na mzito, na mtu akidondosha mbegu kwa bahati mbaya anarudi kukuta amelima. Goma walikuja kwa ajili ya kazi. Tulikuwa na parseli ndogo: mbele nyumba ya mbao, nyuma uwanja wa mawe ambao ulikata kila kandambili niliyowahi kuvaa.

Siku moja Koko, mama yake Papa, alitujia kwa boti kutoka kijijini kwake. Alishuka bandarini na vikapu vya maharagwe, ndizi na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, utafikiri anakuja kulisha wafungwa. Kabla hata hajakaa alinishika mkono, akaugeuza huku na huku, kisha akamtazama Papa.

"Huyu mutoto anakula nini?"

"Anakula vizuri, Mama."

"Anakula wapi? Hapa ni mawe. Hata kuku hana mahali ya kukwaruza. Munipatie huyu mutoto niende naye. Kule atakula, atanenepa."

Alisema hivyo siku ya kwanza, akasema siku ya pili, na ya tatu akaanza kuulizia nguo zangu ziko wapi. Msinielewe vibaya, nilimpenda Koko. Lakini shule yangu ilikuwa Goma, marafiki zangu walikuwa Goma, na kule kwake kulikuwa na ng'ombe mmoja ambaye alikuwa na kinyongo nami tangu nilipokuwa na miaka mitano. Mama aliendelea kukoroga sombe, kwani mke hamwambii mama wa mumewe hapana machoni pake. Nilimtazama Papa. Papa alitazama viatu vyake, kisha akasema maneno ambayo hakuna aliyemwomba ayaseme.

"Mama, hapa pia tutalima. Ukirudia wakati wa vakansi, masomo yakifungwa, utakula mboga ya hii parseli. Kama hakuna mboga, utaenda na Furaha."

Mama aliacha mwiko udumbukie kwenye sombe. Furaha ni mimi. Basi hivyo ndivyo nilivyowekwa dau juu ya mboga ambazo hazijapandwa, na mtu ambaye hajawahi kushika jembe.

Jumamosi iliyofuata Papa alivaa suruali ya kazini, kwa kuwa hakuwa na nyingine, akaazima baramini, ule mtaimbo mrefu wa chuma, kwa jirani yetu Mama Kavira. Mama Kavira alitoka Butembo, kwa watu wanaozaliwa wakijua kulima. Papa akauinua mtaimbo, akaupiga chini. Cheche ziliruka, mtaimbo ukaruka, na Papa akakaa chini bila kupanga. Aliendelea hivyo hadi saa sita. Kufikia wakati huo alikuwa amepata malengelenge saba na shimo linaloweza kutosha yai moja, la kuku mdogo.

Mama Kavira alikuwa akitazama kupitia nyufa za ukuta wa mbao tangu asubuhi. Mwishowe alimhurumia.

"Papa Furaha, hapa udongo hatuuchimbe. Hapa udongo tunauleta."

Tukauleta. Kijana mmoja alishuka kutoka Kibumba na chukudu, kile chombo chetu cha mbao chenye magurudumu mawili, amepakia magunia manne ya udongo wa shambani. Tuliyasimamisha nyuma ya nyumba, yamefunguliwa midomo, yamejipanga ukutani. Majirani walipita kuyatazama. Papa alijibu salamu zao kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia.

Mama alishauri tupande lengalenga, ile mchicha ya kienyeji, ambayo huota hata ukiitukana. Papa hakuambilika. Lengalenga, alisema, ni ya kila mutu. Yeye atapanda epinari, mchicha wa Wazungu, kwa sababu ilikuwa na picha nzuri kwenye pakiti ya mbegu dukani. Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo kosa lilipo. Maishani mwake mwote Papa alikuwa amemwona mtu mmoja tu akipanda kitu, naye ni mama yake, tena akipanda muhogo. Kwa hiyo alizichukua zile mbegu, ndogo kama punje za pilipili, akazisukuma moja moja udongoni mpaka kwenye kiwiko. Alipomaliza aliandika kibao cha karatasi ngumu kwa mwandiko wake wa buro, herufi kubwa, EPINARI, akakifunika kwa plastiki kisilowe.

Kumwagilia ilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyenikumbusha hata mara moja. Nilibeba maji ya bombani kwa bidoni ya lita tano, nikaoga nusu ili magunia yanywe. Kila jioni nilisali rozari kwa ajili ya epinari. Katekista hakutufundisha kama Bikira Maria alikuwa akila epinari, lakini niliona kwamba yeye ni mama, ataelewa.

Baada ya wiki tatu vikachomoza. Vilikuwa vichipukizi vinene, vya kijani kibichi, vyenye vinyweleo, na vilikua kwa kasi hadi nikaanza kulala usingizi. Papa alivaa shati safi kwenda kuvitazama. Mama Kavira naye alikuja, akainama, akafungua mdomo.

"Hii ni epinari, Mama Kavira," Papa akamwahi. "Mbegu ya Ulaya."

Mama Kavira akafunga mdomo. "Ah, basi mungojee," alisema, akarudi kwake haraka haraka. Mchana ule ukuta wa mbao ulitikisika kwa muda mrefu, na mimi nilidhani anapiga vitu misumari.

Majani yalipojaa, Papa aliagiza tuyaonje. Mama aliyachemsha kwa vitunguu na mafuta ya mawese, na bado yalikuwa machungu kama dawa ya malaria. Papa alimeza wa kwanza ili awe mfano. "Uchungu huu njo vitamini," alitangaza, machozi yakimlengalenga. Tukala vitamini. Kufikia alasiri tulikuwa watu watatu na choo kimoja, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya ndiye pekee aliyekuwa na heshima zake. Nilipoteza hata ile nyama kidogo niliyokuwa nayo. Papa alieleza kwamba tumeyachuma kabla ya wakati.

Kisha, vakansi ikikaribia, yakaanza kufa. Kwanza ncha zikawa njano, halafu mashina yakalala chini, halafu ikawa kama kuna mtu amepita akiyakanyaga. Niliongeza maji. Niliongeza rozari. Papa alikwenda kuyatazama kila asubuhi, na siku mbili aliondoka kwenda kazini bila kupiga viatu brashi. Hapo ndipo niliogopa kweli. Nilianza kumwelekeza rafiki yangu mambo ambayo angepaswa kufanya nikishaondoka, kama vile kunitunzia nafasi yangu kwenye benchi.

Koko alifika Jumamosi. Alinishika mkono, akauachia, akamwambia Mama, "Kusanya nguo yake."

"Tuangalie kwanza bustani," Papa alisema, kwa sauti ya mtu anayekwenda kwa daktari wa meno.

Tulisimama wote mbele ya magunia manne ya majani makavu. Mama Kavira alishatokeza kichwa juu ya ukuta. Koko, ambaye hakujua kusoma, alikigusa kibao.

"Hii inasema nini?"

"Epinari," Papa akajibu polepole.

Koko alipiga magoti. Alishika shina moja kavu, akalinusa, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akaingiza mkono ndani ya gunia, akapekua, na akautoa akiwa ameshika kiazi cha ukubwa wa ngumi yangu. Akaingiza tena, akatoa vingine viwili.

"Hii epinari yako," alisema, "inataga?"

Mama Kavira alitoweka nyuma ya ukuta kama aliyepigwa. Ndiye aliyetueleza baadaye, alipoweza kupumua: wakulima wa Kibumba wakivuna birai, yaani viazi, vile vidogo hubaki ardhini, na yule kijana wa chukudu alikuwa ametupakilia baadhi yavyo pamoja na udongo. Tulikuwa tumevimwagilia viazi vya watu na kuvila majani. Epinari yenyewe, nadhani, bado inaendelea kupanda kuja juu.

Papa alikohoa, akaweka shati sawa. "Njo ile nilikuambia, Mama."

Tulijaza beseni zima. Mama alivichemsha kwa chumvi, tukala na maharagwe ya Koko. Vilipasuka maganda, vilikuwa laini, na mimi nilikula hadi nikashindwa kuinama. Papa alikuwa ameahidi mboga, na kiazi si mboga. Koko angeweza kusema hivyo, na hakuna ambaye angembishia. Alichukua kiazi kingine. Alipomaliza aliosha mikono, akasema, "Sawa. Mutoto abaki." Nilitoka mbio nikazunguka nyumba mara tatu.

Kesho yake baada ya misa tulimsindikiza bandarini. Nilimpungia mkono nikirukaruka. Alikuwa amekaa kwenye boti na vikapu vyake vitupu mapajani.

Kuna jambo sijawaambia, kwa kuwa wakati ule sikuona kama linahusu hadithi hii. Babu, mume wa Koko, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nililijua, nilikuwa nimelia pamoja na wengine. Lakini nilikuwa mtu mzima, nina watoto, nilipokwenda kijijini kumzika Koko mwenyewe, ndipo jirani yake mmoja akaniuliza kama mimi ndiye Furaha. Akanieleza kwamba kabla ya vakansi ile Koko alikuwa ametengeneza kitanda kidogo, akamfunga yule ng'ombe mbali na nyumba, akawatangazia watu wote kwamba anakwenda Goma kuchukua mwenzake wa kula naye.

Hakuwahi kutuambia kwamba yuko peke yake. Alituambia tu kwamba mutoto anakonda. Na sisi tulimwonyesha, kwa beseni zima la viazi, kwamba hatumhitaji, kisha mimi nikarukaruka bandarini.