Mpini wa Wembe wa Babu

Kila harufu ya pembe inayoungua inaponipata sokoni Kimemi, narudi kimawazo katika ua wetu, siku ile.

Baba alikuwa amekaa mlangoni na wembe wa kukunja wa babu, ambao mpini wake ulikuwa umepasuka. Alikuwa amemwahidi kaka yangu kwamba angeukuta tayari akirudi na lori kutoka Beni, anyoe ndevu zake za kwanza. Alikata vipande viwili vya pembe ya ng'ombe, akavitoboa kwa msumari wa moto, na moshi ukatuwasha macho. Alipokuwa akigonga waya wa shaba wa kuvishika pamoja, madereva wawili wakaingia uani. Walisema lori lilishambuliwa njiani, na kaka amekufa.

Mama alianguka chini akilia. Baba aliinama, akaendelea kugonga.

“Sasa unatengenezea nani?” Mama akamuuliza.

“Niliambia mutoto atakuta iko tayari.”

Kesho yake walileta mwili wa kaka. Mama alimshika kichwa, Baba akamnyoa polepole zile ndevu chache, laini. Kisha akamfuta povu shavuni kwa kiganja.

“Sasa uko mutu mukubwa,” akamwambia.