Taya la Tauno

Kaka yangu Tauno alifunga mdomo miaka kumi na moja kwa hiari yake, na siku alipotaka kuufungua, ukakataa. Nilimwambia hivyo hivyo usoni, na wala sijutii. Mimi ni Sirkka, wa mwisho kwetu. Huku kwetu mkoani Kainuu wanasema nilipewa maneno ya watu watatu kwa sababu kaka zangu wawili hawakuyachukua ya kwao.

Waligombana kwa ajili ya miti saba. Ilpo, yule wa kati, alikwenda kukata kuni za sauna, kile chumba chetu cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, akavuka mpaka, akaangusha miti saba ya Tauno. Makusudi au bahati mbaya, anajua mwenyewe. Nyumba zao zinatazamana, ni barabara tu katikati, lakini salamu zikaisha siku ile. Tangu mume wangu afariki naishi kwa Tauno, kwa hiyo posta yao nilikuwa mimi. "Mwambie yule wa ng'ambo theluji yake imeziba njia yangu." Navaa viatu, navuka. "Mwambie koleo analo." Narudi, navua viatu. Miaka kumi na moja, jamani.

Mwishoni mwa Machi Ilpo alianguka akienda kwenye sanduku lake la barua. Moyo. Aliyemkuta ni mimi. Sikulia. Nilipiga simu nilikotakiwa kupiga, nikanawa mikono, nikamwambia Tauno, "Ilpo amekufa." Akasema, "Aha." Tukanywa kahawa. Kikombe sikusikia kama ni cha moto.

Asubuhi yake taya la Tauno lilikuwa limekaza. Kidole kimoja kilipita kwa shida kati ya meno yake. Usiku nilikuwa nimesikia kusagasaga ukutani kwangu nikadhani ni panya, kumbe ni yeye.

"Twende kwa daktari," nikasema.

"Litaachia lenyewe," akajibu, akiongea kwa meno kama mtu aliyeshika misumari mdomoni.

"Na siku ya mazishi utasoma nini? Utamkoromea Ilpo?"

Hapo ndipo alipotafuta kofia yake. Kwetu kila ndugu hupeleka shada lake mbele hadi kwenye jeneza, na kusoma kwa sauti alichoandika kwenye kadi. Mkubwa ndiye anayeanza. Nilimwambia nitamsomea, tena kwa roho safi, akanikata jicho. "Nitasoma mwenyewe, Sirkka. Hiyo moja nitasoma mwenyewe." Mazishi, kama kawaida ya kwetu, yalikuwa baada ya wiki nne.

Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, anaitwa Väyrynen, mikono yake myepesi. Alimbonyeza mashavuni na mbele ya masikio, Tauno akatokwa na machozi bila sura yake kubadilika. Akampima kwa rula: milimita ishirini na mbili. Mtu mzima anatakiwa arobaini. Akamwambia kiungo chenyewe hakijavunjika, ila misuli imechoka kwa kubana. Akachukua umbo la meno yake, na baada ya siku chache kifaa kikawa tayari: plastiki ngumu inayong'aa, inavaliwa juu ya meno ya juu ili ya chini yasipate pa kung'ata. Alimng'atisha karatasi ya bluu, akatazama madoa, akasugua kidogo, akarudia tena, mpaka madoa yakalingana kushoto na kulia.

"Mzee, vaa usiku, na mchana ukiwa umepumzika," akamwambia. "Midomo ifunge, meno yaachane. Na usikiweke penye joto."

"Sawa, daktari."

Sasa mwambie mwanamume wa Kainuu avae kitu akiwa amepumzika. Atakivaa wapi? Jumamosi Tauno akaingia nacho sauna. Alipotaka kunywa bia akakitoa, akakiweka kando yake kwenye benchi la juu kabisa, penye joto zaidi, akamwaga maji kwenye mawe mara tatu. Kilipinda. Na mimi sikuambiwa neno! Kwa siku tano alikilazimisha mdomoni kila usiku, kikigusa upande mmoja tu, na asubuhi akaamka na uso umevimba.

Niligundua nilipokikuta kwenye glasi, kimejikunja upande.

"We Tauno, hiki kimefanywa nini?"

"Kiko sawa."

"Kha! Kiko sawa wapi? Kwa nini hukupiga simu?"

"Binti wa watu ana kazi nyingi. Nimsumbue kwa ujinga wangu?"

Huyo ndiye kaka yangu. Yuko radhi taya lisage mfupa kuliko kumwambia mtu kwamba amekosea. Atakufa na tai shingoni. Nilimsukuma kwenye gari kama mzigo. Väyrynen hakucheka. Alisema si wa kwanza, akatengeneza kingine, tukabakiwa na wiki mbili. Tauno akala supu na viazi vya kuponda, akavaa kifaa chake, na kila asubuhi alisimama mbele ya kioo akiingiza vidole mdomoni. Kidole kimoja. Kimoja na nusu. Viwili.

Nami nilimtazama, na hapa niseme ukweli wangu.

Februari, Ilpo aliniambia mlangoni, "Mwambie Tauno nawasha sauna Jumamosi. Aje, akitaka." Miaka kumi na moja, na hilo ndilo neno la kwanza lisilo na mwiba. Niliporudi, Tauno alinigombeza kwa sababu viazi vimeungua. Nikakasirika. Nikasema moyoni, mimi si mbwa wa kutumwa, waje waitane wenyewe. Sikumwambia. Jumamosi ile sauna ya Ilpo ilitoa moshi mchana kutwa. Jumatatu Ilpo akaniuliza, "Hakuja?" Nikasema, "Hakuja."

Siku ya mazishi kanisa lilikuwa baridi. Asubuhi vidole vitatu vilipita mdomoni kwa Tauno, tena bila kulazimisha. Alikwenda mbele na shada lake, mimi nyuma yake na langu. Akainama, akafungua kadi, akasoma kwa sauti ambayo hadi benchi la mwisho waliisikia: "Ilpo. Miti ilikuwa miti tu. Kaka yako, Tauno."

Basi. Alikuwa ameweza.

Ikawa zamu yangu. Nilifungua kadi. Maneno niliyaona, mwandiko ni wangu, na mdomo haukufunguka. Mimi, Sirkka! Niliyasikia meno yangu yamebanana, nikayaamuru yaachane, hayakunitii. Watu wakakohoa. Nikahesabu misumari ya jeneza.

Tauno akanyoosha mkono, akaichukua kadi. Nilitaka kumzuia na sikuweza. Akasoma kwa sauti ile ile: "Ilpo, ulimwita Tauno, na mimi sikumfikishia. Nisamehe. Dada yako."

Aliisoma mpaka mwisho kabla hajaielewa, nadhani. Kisha akaikunja, akaiingiza chini ya utepe wa shada langu. Akanishika kiwiko, tukawainamia waombolezaji, tukarudi kukaa.

Kwenye ukumbi wa parokia waliandaa supu ya samaki na mkate mweusi. Tulikaa peke yetu mwisho wa meza. Taya langu lilikuwa limeachia.

"Aliniita wapi?" akauliza.

"Sauna."

"Lini?"

"Februari. Ile Jumamosi ya baridi kali."

Akapaka siagi kwenye mkate, taratibu, hadi pembeni.

"Niliuona ule moshi," akasema. "Nilikaa dirishani na taulo mpaka ukaisha. Nikajisemea, angeniita tu, ningekwenda."

Akamega mkate, akautafuna polepole pande zote mbili, kama daktari alivyomfundisha. Alipomaliza kipande kile, akachukua kingine.