Katoni Iliyojibu Nyuma ya Pamba

Katika bohari yetu ya dawa hapa Bunia, dawa adimu haikai mbele. Tulijifunza hivyo miaka ya vita: unaificha nyuma ya kitu ambacho hakuna mwizi atakayekitaka, halafu unakumbuka kichwani. Hakuna kuandika. Mwenye kukumbuka nilikuwa mimi, na nilijivuna kweli kweli.

Ndiyo maana mwenzangu mpya, mwanamke wa Aru, alipoanza kubandika vikaratasi kwenye kila katoni, nilimcheka. Ndani ya kikaratasi mna antena nyembamba. Anashika kifaa mkononi, kinatuma mawimbi ya redio, na kikaratasi kinajibu hata kama katoni imefunikwa na nyingine.

"Redio gani haina muziki?" nilimtania. Alicheka naye, akaendelea kubandika.

Asubuhi moja alifika baba mmoja kutoka hospitali, ameshika bon, karatasi ya daktari ya kuombea dawa. Binti yake alikuwa ameumwa na nyoka walipokuwa shambani wakichimba viazi vitamu upande wa Irumu, na dawa ya kuzuia sumu ilitakiwa mara moja. Tulibakiwa na katoni moja tu. Niliificha mimi mwenyewe, wiki ile watu waliposema risasi zinalia barabarani.

Nikaenda moja kwa moja nyuma ya glavu. Haipo. Nyuma ya sabuni, haipo. Nilivuta makatoni kwa hasira, nikamgombeza kila mtu isipokuwa mwenye kosa. Yule baba alisimama mlangoni, na niliogopa kumtazama. Sikukumbuka kitu.

"Papa, usikasirike," mwenzangu akasema. "Nilibandika etiketi juu yake kabla hujaificha. Itajibu."

"Basi fanya mbio, mama! Mutoto iko nakufa!"

Aliingiza namba ya katoni ile kwenye kifaa, kisha akapita rafu kwa rafu, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Penye makatoni ya seramu, yale maji ya dripu, kifaa kilinyamaza kabisa. Nilikata tamaa, yeye hakukata.

"Maji ya seramu inaziba mawimbi," alisema. "Tuzunguke nyuma."

Nyuma kulikuwa na magunia ya pamba. Kifaa kikalia mara moja, kisha mfululizo. Nilitumbukiza mkono hadi begani, nikagusa pembe ya katoni. Sijawahi kupenda kelele namna ile. Mwanamke yule hakunisuta hata kidogo; alikuwa tayari anamkimbilia yule baba na dawa mkononi.

Mtoto alipona. Baba yake akarudi na gunia la viazi vitamu, akaliweka miguuni pangu, akanishika mikono yote miwili.

"Aksanti, muzee. Weye uliokoesha mutoto yangu."

Ningeweza kunyamaza, na viazi vilikuwa vizuri. Nikamgeuza taratibu kuelekea meza ya mwenzangu.

"Mushukuru huyu mama," nilimwambia. "Ule mwenye aliificha dawa, ni miye."