Majani Aliyoyang'oa Baba

Kwenye mlango wa bustani ya watu wote, hapa Bunia, kuna kibao: ni marufuku kuwasha moto, kuchuma matunda, kuanika nguo na kuingiza wanyama. Kila ninapokisoma naona kama mtu aliandika maisha yetu, kisha akatanguliza neno "marufuku".

Hapo palikuwa na lupango la baba, kiwanja chake cha kuishi: nyumba katikati, maharagi mbele, mihogo nyuma, mbuzi kando ya jiko. Wazazi walipofariki, mimi, binti yao wa kwanza, niliacha shule mwaka wa tano wa primeri nikashika jembe, kwa sababu wadogo zangu watatu hawakuweza kula daftari. Halafu vita vikatukimbiza. Tuliporudi, ofisa alitandaza plani ya mji mezani. Shamba letu lilikuwa limepakwa rangi ya kijani. Sikuweza kubisha sana. Maharagi nayo ni ya kijani. Walituachia tuvune, kisha wakapanda majani, yale yale ambayo baba aliumia mgongo akiyang'oa.

Tangu hapo tunapanga chumba.

Mwaka huu kijana wa Kasenyi, kule ziwani, alimposa mdogo wetu wa mwisho. Baba mkubwa wa kijana akatuma neno: mbuzi wa mahari hupelekwa kwenye lupango la wazazi wa binti. Kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba ndiye angeshukuriwa. Kama hatuna lupango, basi, posa imekufa.

"Yaya, tuache tu," mdogo wangu aliniambia mimi dada yake mkubwa, macho yamevimba.

Lakini nilikuwa nimemwahidi mama kwamba mabinti wake wataolewa wakitoka kwenye uwanja wake. Nikajibu: lupango liko, karibuni Jumamosi.

Wakafika, wazee watano na mbuzi wanne. Mlinzi akanizuia mlangoni, wazee wakiwa bado nyuma, akaonyesha mbuzi kwa kidole.

"Mama, nyama haziingiake hapa."

"Zamani zilikuwa zinalala pale unasimama."

"Zilikuwa na ruhusa?"

"Ya baba yangu."

"Muite basi, akuje na karatasi."

"Alishakufa. Akikuja, ni weye utakimbia."

Alicheka, akafungua. Mbuzi wakafungwa nje kwenye uzio. Samaki wakavu ambao wazee walileta kutoka Kasenyi waliingia, maana kibao hakikuwataja.

Tuliketi kwenye viti vya simenti, palipokuwa jiko la mama. Mlinzi alizunguka na sare yake akituamuru tusikanyage majani, hata wageni wakamdhania mkubwa wa ukoo. Baba mkubwa wa kijana akasimama, akavua kofia, akamwinamia yeye.

"Muzee, siye tumekuja kuomba mutoto yako. Unatupatia?"

Mdogo wangu alinishika mkono. Neno moja tu, kwamba hapa ni kwa serikali, na wazee wangefungua mbuzi wao warudi ziwani. Mlinzi alitazama kibao, akatazama majani, akanitazama mimi.

"Miye nachunga tu majani," akasema. "Mwenye lupango ni ule mama. Muulize yeye." Akaangalia saa yake. "Lakini saa kumi na moja tunafunga."

Mzee akanigeukia, akaanza hotuba yake upya, tangu mababu. Kwa desturi, wenye binti hawakubali haraka. Husitasita, huomba muda wa kushauriana.

Mimi nilikubali kabla hajafika kwa babu wa pili. Ilikuwa saa kumi na nusu.