Msuli wa Mume wa Mtu

Naona haya kulisimulia hili, lakini mke wangu ameshaanza kulitangaza kanisani, basi bora mlisikie kwangu.

Mwezi huu tuliikimbia baridi ya Njombe, tukaja Dar es Salaam na watoto kwa likizo. Mji hatuujui, na mjomba wa mke wangu aliyetualika hatukumwona stesheni. Mie, karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya yetu, nikaona kusubiri ni ushamba. Nikauliza njia hadi Temeke, nikapiga hodi kwenye nyumba niliyoamini ndiyo, jasho linanitiririka ndani ya koti la sufu.

"Shikamoo mama, tumefika!"

"Marahaba wanangu, karibuni, poleni na safari."

Hakutuuliza sisi ni nani, maana pwani mgeni haulizwi kabla hajala. Nami sikujitaja, maana kwetu anayejieleza mlangoni ni mwenye shaka ya kupokewa. Nikajua huyu ndiye mke wa mjomba, ambaye hata mke wangu hakuwahi kumwona. Akanipa maji ya kuoga na msuli wa mumewe nijifunge kiunoni, akawalaza watoto mkekani, akapakua wali na samaki.

"Ndugu zako wana upendo!" nikamsifia mke wangu.

Ndipo jirani akaingia, vumbi tupu, karibu alie. "Mama Zainabu, wageni wangu wamepotea! Nimezunguka stesheni nzima!"

Mke wangu akaruka. "Mjomba!"

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Mie nikadhani wageni wa mume wangu," Mama Zainabu akasema taratibu.

Nikainuka nikimbie, nikakumbuka nimevaa msuli wa mume wa mtu.

"Kaa ule, mwanangu," akasema, akaniongezea wali.